Kumkumbuka mtu wa mlimani: mwongozo wa safari ya kumbukumbu Mlima Elgon

Mwaka wa kwanza baada ya kifo cha mjomba tulifanya kama wafanyavyo wengi huku kwetu Bungoma. Tulikodi tenti na viti vya plastiki, tukachinja, tukaleta spika zilizosikika hadi ng'ambo ya mto. Watu walikula, wakapiga picha kando ya kaburi, wakaondoka kabla mvua haijaanza. Jioni, tukikusanya sahani, nyanya aliyekuwa ameketi mlangoni akasema, "Siku nzima sikumsikia mtu akitaja mlima." Alisema kweli. Hotuba zile zingeweza kusomwa kwa marehemu yeyote.

Mjomba, au khocha kama tunavyosema nyumbani, alibeba mizigo ya wapanda mlima tangu ujanani, baadaye akawa anawaongoza, na hata magoti yalipomkataa hakukosa kisingizio cha kufika msituni. Wabukusu huuita mlima huo Masaba. Yeye aliuita "kwangu". Basi mwaka wa pili tuliamua kumfuata huko. Tulikosea mengi, na sehemu kubwa ya ninayoandika hapa imetokana na makosa hayo.

Hatua ya 1: Malizeni ya nyumbani

Safari ya mlimani haichukui nafasi ya mila wala ya ibada. Kwa Wabukusu, mzee anayestahili hufanyiwa kumuse siku chache baada ya maziko, msemaji akisimama mbele ya ukoo na kueleza walikotoka na wanakopaswa kwenda. Waluo wana rapar, siku ya ukumbusho inayokuja baadaye. Wakatoliki watataka misa, na Waislamu wa Mumias watasoma hitima. Kama kuna deni lolote la namna hiyo, lilipwe kwanza, la sivyo wazee wataona vijana wametafuta njia ya kulikwepa.

Halafu muulizeni mjane, au watoto, au yeyote aliyekuwa karibu zaidi na marehemu. Muulizeni ana kwa ana. Mimi nilitangaza wazo langu kwenye kikundi cha WhatsApp kabla sijamwona mkaza mjomba, na kurudisha amani kulinigharimu wiki tatu na kilo mbili za sukari.

Mchango wa safari usichanganywe na salio la mazishi, hata kama mweka hazina ni yule yule.

Hatua ya 2: Tafuteni mahali pake, msitafute kilele

Hapa ndipo familia nyingi hupotea. Mtu alipenda mlima, basi watoto huona lazima wafike juu kabisa. Elgon ni volkano ya kale iliyozimika, mpana ajabu, na vilele vyake vimezunguka shimo kubwa lililo kati ya Kenya na Uganda. Kirefu kuliko vyote, Wagagai, kina mita 4,321 na kiko upande wa Uganda. Upande wetu watu wengi hupanda Koitobos, wenye mita 4,222 na paa lililo bapa kama meza. Sisi tulikuwa tumeshaandika "Koitobos" kwenye fulana kabla rafiki wa mjomba, mzee waliyebeba naye mizigo, hajatuambia kwamba huko juu mjomba alikwenda kwa sababu ya kazi tu. Mahali alipopapenda palikuwa chini zaidi, pale msitu unapoisha na nyasi ndefu zinapoanza, kwenye mwamba ambapo alikuwa akishusha mzigo na kunywa chai.

Waulizeni waliotembea naye, maana ndugu wa damu mara nyingi hawajui. Ulizeni alikuwa akipumzika wapi, akigeuka nyuma kutazama wapi, na njia gani aliichukia. Mkipata jibu, jengeni safari kuzunguka mahali hapo, na kilele kiwe nyongeza ya wenye nguvu.

Kama mtu wenu hakuwa wa Elgon, kanuni ni ile ile. Kwa watu wa Nakuru, Menengai yenye mita 2,278 iko jirani na mji, na Longonot yenye mita 2,776 hupandwa na kushukwa kwa siku moja. Milima ya Cherangani nayo ina njia nyingi zinazopita katikati ya mashamba na vijiji.

Hatua ya 3: Kusanyeni habari zake kabla ya kupanda

Hatua hii ipewe muda mrefu kuliko zote. Anzeni miezi mitatu kabla. Chukua simu, nenda kwa mtu mmoja mmoja, na rekodi sauti tu. Ukielekeza kamera, mzee wa kijijini atakwenda kuvaa koti, atakaa wima, kisha atakupa hotuba ya mazishi.

Usiulize "Alikuwa mtu wa namna gani?" Utajibiwa kwamba alikuwa mcheshi, mchapakazi, mpenda watu, na hapo utakuwa umepoteza chaji ya simu. Uliza vitu vinavyoshikika. Alibeba nini mfukoni? Alifunga vipi mzigo? Alijuaje kwamba mvua inakuja? Ni siku gani alipatwa na hofu? Alikula nini huko juu, na ni nini alichokataa kula? Ni nani aliyemfundisha njia? Kwa maswali hayo nilijua kwamba mjomba alikuwa akiweka viazi vitamu vya moto ndani ya soksi mpya na kuvivaa kifuani alfajiri, vipoe polepole hadi wakati wa kuliwa. Nilijua pia kwamba aliamini ukungu wa Elgon una saa zake, na kwamba anayeukuta njiani ndiye aliyechelewa kuamka.

Warekodi kwa lugha wanayoota nayo. Kama ni Kibukusu, Kisabaoti au Kijaluo, iache hivyo. Tafsiri itafanywa baadaye. Mwanzoni mwa kila rekodi taja tarehe, mahali na jina la msemaji, kwa sababu baada ya mwaka mmoja utakuwa na mafaili arobaini yasiyojulikana ni ya nani. Hifadhi nakala mahali pawili, na moja isiwe kwenye simu.

Mtu akilia, zima na ukae naye. Sidhani kuna rekodi inayostahili kuliko hilo.

Hatua ya 4: Tarehe

Si lazima iwe siku aliyofariki. Mjomba alifariki Mei, na Mei ni mwezi wa matope mlimani. Miezi iliyo kavu zaidi ni Desemba hadi Februari, na hata hiyo ina manyunyu ya mchana. Angalieni pia kalenda ya nyumbani. Kwa Wabukusu, Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili ni msimu wa tohara, na hakuna mjomba, shangazi wala ng'ombe atakayekuwa na nafasi. Mwanzo wa Januari kila mtu anawaza karo. Sisi tulichagua mwisho wa Januari, wazazi wakiwa wameshalia na kunyamaza.

Hatua ya 5: Ruhusa, malipo na askari

Upande wa Kenya, Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon ilitangazwa mwaka 1968, ina kilomita za mraba 169, na inasimamiwa na KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Lango kuu ni Chorlim. Unafika huko kutoka Kitale kupitia Endebess. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo msifike langoni na noti mkononi. Lipeni mkiwa bado mjini, penye mtandao, na kila mtu abebe kitambulisho, kwa kuwa bei ya raia si sawa na ya mgeni.

Pigeni simu hifadhini mapema, mseme mko wangapi, mnataka kutembea wapi, na kwamba ni safari ya kumbukumbu. Kutembea kwa miguu humo kunahitaji askari wa hifadhi mwenye silaha, maana msitu una nyati na ndovu, na nyati hasubiri mmalize kusali. Kama mnapanga kuvuka hadi upande wa Uganda, hiyo ni safari nyingine kabisa, yenye taratibu za mpaka na za hifadhi ya pili. Kwa kikundi chenye majonzi na watoto, singeshauri.

Barabara ya ndani hupanda hadi karibu mita 3,500, lakini inahitaji gari linalovuta kwa magurudumu yote manne na dereva aliyewahi kuipitia. Gari tulilokodi lilikuwa jipya, dereva mgeni, na tulilisukuma mara nne. Shangazi mmoja bado anaonyesha watu sketi yake.

Neno moja kuhusu mapango, kwa sababu kila familia huyataka. Kitum ni maarufu kwa ndovu wanaoingia gizani kukwangua mwamba wenye chumvi kwa pembe zao. Lakini mwaka 1980, na tena mwaka 1987, mtu aliyekuwa amezuru Kitum aliugua Marburg, homa kali ya virusi, na virusi hivyo hubebwa na popo wa matunda wanaoishi mapangoni. Kwa hiyo msiwashe mishumaa ndani, msiimbe ndani, na watoto wasishike chochote. Tazameni kutoka mlangoni, msikilize maelezo ya askari, mwendelee.

Hatua ya 6: Miili yenu

Huzuni humfanya mtu afiche udhaifu. Binamu yangu alianza kuumwa kichwa asubuhi, akanyamaza hadi saa tano kwa kuwa hakutaka "kuharibu siku ya mzee". Tulimkuta nyuma ya jiwe akitapika.

Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mtu anayetoka Kisumu, kwenye mita 1,100 na kitu, akipakiwa garini alfajiri na kushushwa kwenye mita 3,500 kabla ya saa sita, mwili wake haujapewa nafasi ya kuzoea hewa nyepesi. Lala Kitale usiku mmoja, kisha karibu na lango usiku wa pili. Ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Kupanda juu mchana na kurudi kulala chini hakuna ubaya, mradi mtu hana dalili.

Dalili zenyewe ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, uchovu usio wa kawaida na usingizi mbaya. Mwenye dalili hizo hapandi tena. Akizidi, anashuka, na haendi peke yake. Anayeyumba kama mlevi, anayechanganya maneno, au anayehema akiwa ameketi tu, ashushwe mara moja, hata kama ni usiku na hata kama ndiye mwenye kusoma wasifu.

Mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na huku magharibi tunao katika familia nyingi, hewa nyepesi na baridi vinaweza kumwamshia maumivu makali. Huyo, mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, na mama mjamzito, wamwone daktari kabla hata ya kuchanga. Wana nafasi yao katika hatua ya 9, na si nafasi ya pili.

Wekeni saa ya kugeuka, mwitangaze mbele ya wote. Yetu ilikuwa saa sita mchana, popote tutakapokuwa.

Hatua ya 7: Mzigo

Kadiri ya kawaida, joto hupungua kama nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kati ya Kitale na Koitobos kuna mita zaidi ya 2,300, yaani tofauti ya nyuzi 15 hivi. Asubuhi ambayo Kitale unavaa sweta, kule juu maji kwenye chupa yanaweza kuganda. Kila mtu awe na boshori, glavu, koti la mvua, nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki, na viatu alivyokwisha kuvivaa. Fulana zenye picha ya marehemu ni nzuri, ila ni za pamba. Zikilowa, baridi inaganda mwilini. Zivaeni juu ya sweta kwa picha, kisha zirudi begani.

Chai ya thamosi, maandazi, nduma, njugu, mayai ya kuchemsha. Mpike kwa gesi, msikate kuni. Busaa ya kumkumbuka mzee ibaki nyumbani, kwa sababu pombe na mita 3,500 havipatani.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Tokeni kambini saa kumi na mbili asubuhi. Anayetembea polepole kuliko wote ndiye aongoze, na askari ndiye aamue njia. Njia inaanza katika podo na teki ya Elgon, miti ambayo wanaume watatu wakishikana mikono ndipo wanaweza kuizunguka. Kisha mianzi, kisha vichaka vya baridi, na mwishowe nyasi za juu zenye lobelia na senesio kubwa zilizosimama kama wazee waliojifunika blanketi.

Msipange ratiba ya hotuba. Sisi tulikuwa na karatasi yenye majina 11, na upepo uliichukua kwenye jina la pili. Kilichofaa kilikuwa hiki: kila kituo cha kupumzika, mtu mmoja alisimulia kisa kimoja kilichotokea mahali kama hapo. Kwenye matope, kisa cha matope. Kwenye mianzi, kisa cha usiku ule alipowasikia nyati na kumwambia mgeni ni ng'ombe wa jirani. Watoto waliokuwa wamechoka walitembea haraka ili wasikie kisa kinachofuata.

Mkifika mahali pake, kaeni kimya kwanza. Dakika kumi, mkiweza. Kisha sala au wimbo mmoja. Chezeni sauti yake kama mnayo. Sisi tulikuwa na ujumbe wa sekunde 19 aliomtumia mkewe, akiuliza kama ndama amekunywa. Nilidhani watu watacheka. Hakuna aliyecheka. Mmiminieni chai mtu aliyemjua muda mrefu zaidi, yeye awe wa kwanza kunywa. Rafiki wa mjomba alikunywa, akavuta kofia machoni, akasema chai yetu ni maji.

Spika iacheni nyumbani, na puto pia. Droni hairuhusiwi hifadhini bila kibali.

Msiache kitu huko juu: msalaba, bamba la jina, maua ya plastiki, hata jina lililochongwa kwenye gome. Ni hifadhi, na yeye ndiye aliyekuwa akiokota maganda ya peremende ya wageni. Kutawanya majivu si kawaida ya huku kwetu, ambako watu huzikwa nyumbani, lakini kama marehemu alichomwa na aliomba hivyo, zungumzeni na wasimamizi wa hifadhi kabla ya kwenda.

Hatua ya 9: Wasioweza kupanda

Nyanya ana miaka zaidi ya 80. Tulitaka kumwonyesha picha za video jioni, akatukemea kwamba yeye si mtoto wa kuonyeshwa televisheni. Alichotaka ni kuwa na kazi.

Kazi ikapatikana mtoni. Mto Koitobos hushuka kutoka Elgon, hukata Trans Nzoia na kuingia Nzoia, na Nzoia hupita Webuye kwenye maporomoko ya Nabuyole kabla ya kuendelea hadi Ziwa Victoria. Asubuhi ile ile tuliyopanda, nyanya, mkaza mjomba na wengine waliobaki walipelekwa Nabuyole. Walikaa mahali palipo salama, mbali na utelezi, wakaomba na kula. Maji yaliyopita mbele yao yalikuwa na maji ya mlima ule ndani yake, na nyanya alilijua hilo kabla yetu. Kama kwenu ni Kisumu au Budalangi, mwisho wa maji hayo ni ziwani.

Mpangie kila kundi saa moja ya pamoja. Sisi tulipatana saa nne kamili, wa juu na wa chini, hata bila mtandao.

Hatua ya 10: Mti, na baada ya hapo

Mti upandwe nyumbani au kwenye msitu wa jamii kwa makubaliano na kituo cha misitu, si ndani ya hifadhi. Podo na mtarakwa hukua polepole. Mkalitusi hukua upesi na hunywa maji ya jirani. Mimi ningechagua wa polepole. Ngojeni mvua ndefu za mwisho wa Machi. Chimbeni shimo la futi mbili kwa upana na kina, wekeni udongo wa juu kando, uchanganyeni na samadi iliyooza, uwe ndio unaorudi kwanza kuzunguka mizizi. Toeni karatasi ya nailoni ya mche, jambo ambalo watu husahau ajabu. Ukuta wa miiba dhidi ya mbuzi si hiari. Na msiupande ubavuni mwa kaburi lenye vigae. Baada ya miaka kumi mizizi itavipasua. Mpeni mtoto mmoja jukumu la kuumwagilia kiangazi, kwa jina lake, mbele ya wengine.

Rekodi zile zigawiwe kila nyumba ndani ya mwezi mmoja, kabla simu haijaanguka chooni.

Jioni ile tuliporudi, matope hadi magotini, nyanya hakuuliza kama tulifika kileleni. Aliuliza ukungu uliwakuta saa ngapi. Tukamwambia, saa tano na nusu, tukiwa tumeshaanza kushuka. Akageukia jiko, akaanza kututolea chakula.